Rubani wa Bandari ya Charleston

Wengi walioandika tarikhi ya Robert Smalls, mtu mweusi aliyezaliwa utumwani katika mji mdogo wa Beaufort, South Carolina, tarehe 5 Aprili, 1839, humaliza wino wao juu ya usiku mmoja tu wa maisha yake, ule wa kuamkia tarehe 13 Mei, 1862, alipoitorosha merikebu ya mabwana zake kutoka gatini Charleston na kuipitisha mbele ya mizinga ya ngome zao. Kisha humrukisha msomaji moja kwa moja mpaka kaburini, kana kwamba miaka zaidi ya hamsini aliyoishi baada ya usiku ule ilikuwa mapumziko ya shujaa. Mimi sina ugomvi na usiku ule, nao nitausimulia kwa kuwa wastahili. Lakini naona miaka iliyofuata, aliyoitumia katika mabaraza ya katiba, mabungeni, mahakamani na forodhani, ndiyo iliyomtaka ushupavu mkubwa zaidi, maana usiku ule adui zake walikuwa wamelala, na katika miaka hiyo walikuwa macho.

Mama yake, Lydia, alikuwa mtumishi wa ndani katika nyumba ya aila ya McKee kwenye Mtaa wa Prince, na mtoto alizaliwa katika kibanda cha watumwa kilichokuwa uani. Baba yake hajulikani kwa hakika. Watu wamekisia mengi juu ya nasaba hiyo, nami sitaongeza kisio langu, ila namwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa kuwa siku itafika ambapo Smalls mwenyewe atasimama mbele ya wakubwa wa jimbo lake kuwahoji juu ya watoto wasiotajwa baba zao. Husimuliwa katika jamaa yao kwamba Lydia, alipoona mwanawe anadekezwa na bwana wao na kuanza kusahau hali yake, alimpeleka kwa makusudi mahali watumwa walipopigwa mijeledi na mahali waliponadiwa, ili macho yamfundishe lililokuwa zito kwa ulimi.

Alipotimiza umri wa miaka kumi na miwili akapelekwa Charleston kukodishwa kwa watu, na ujira wake ukawa unakwenda kwa bwana wake, naye akiachiwa sehemu ndogo tu. Alitumika hotelini, akawasha taa za barabarani, akawa kuli wa bandari, akashona matanga, na mwisho akashika usukani wa vyombo vilivyopita baina ya bandari na visiwa. Mwaka wa 1856 akamwoa Hannah, mtumishi wa hoteli aliyekuwa mali ya bwana mwingine, na walipojaliwa binti Smalls akapatana na bwana huyo bei ya kuwakomboa mama na mtoto: dola 800. Mtu anayetakiwa kumnunua mkewe na bintiye kwa dola 800, naye huachiwa dola moja moja katika jasho lake, hahitaji mwalimu wa kumfundisha hesabu.

Pamba ndiyo iliyoendesha yote hayo. Ndiyo iliyolimwa na watumwa, ikajaza maghala ya Charleston na kusafirishwa kwenda viwandani. Na hata kitambaa cha merekani walichovaa babu zetu wa pwani na bara, kilicholetwa Unguja na wafanya biashara wa Salem, kilifumwa kwa pamba iliyotoka katika mikono hiyo hiyo ya Kusini, ndiyo sababu vita vya Marekani vilipozuka kikaadimika katika masoko yetu.

Vita hivyo, vya majimbo ya Kusini dhidi ya Kaskazini, vilianza katika bandari ya Charleston yenyewe, Aprili 1861, na merikebu moja ya mvuke iitwayo Planter, iliyojengwa kwa kuchukulia marobota ya pamba, ikatwaliwa na jeshi la Kusini kupeleka askari, mizinga na barua ngomeni. Smalls alikuwa mshika usukani wake. Hakuitwa rubani, kwa kuwa cheo hicho kilikuwa cha mzungu, ijapokuwa yeye ndiye aliyejua kila mkondo, kila fungu la mchanga, na mahali ambapo mabwana wenyewe walikuwa wametega makombora chini ya maji. Usiku wa tarehe 12 Mei nahodha na wasaidizi wake wawili, wote wazungu, wakashuka kwenda kulala mjini kinyume cha amri, wakawaachia watumwa merikebu iliyokwisha pakiwa mizinga minne ya kupelekwa ngomeni, mbali na silaha zake yenyewe.

Yapata saa tisa za usiku moto ukachochewa tanurini na Planter ikang'oka. Haikuelekea baharini mara moja. Ilisogea kwanza kwenye gati jingine, walikokuwa wakingoja Hannah na wanawake wengine pamoja na watoto, hata wote waliokuwamo wakawa watu 16. Walikuwa wamekwisha patana kwamba wakikamatwa wataizamisha merikebu na wao wenyewe wafe nayo. Smalls akavaa kofia ya ukindu ya nahodha, akasimama katika chumba cha usukani kwa namna nahodha yule alivyozoea kusimama, na kila walipofikia ngome akavuta kamba ya filimbi ya mvuke na kupiga ishara iliyotakiwa, pasipo haraka, kwa kuwa chombo kinachokimbia hutiliwa shaka. Walipofika mbele ya ngome ya Sumter alfajiri ilikuwa ikikaribia; mlinzi akasikia ishara, akaona kofia, akaipisha. Walipokwisha toka nje ya shabaha ya mizinga, bendera ya Kusini ikashushwa na shuka jeupe la kitandani, lililoletwa na Hannah, likapandishwa, kwa bahati njema dakika chache kabla manowari ya Kaskazini iitwayo Onward haijawafyatulia mizinga.

Waliyoyachukua yalizidi mizinga. Kilikuwamo kitabu cha ishara za siri za jeshi la Kusini, na kichwani mwa Smalls zilikuwamo habari kwamba kisiwa cha Cole kimeachwa bila ulinzi, habari iliyowawezesha Kaskazini kuushika mlango wa Stono bila taabu. Bunge la Washington likatoa sheria ya kuwagawia mabaharia wale nusu ya thamani ya merikebu, na Smalls akapata dola 1,500. Lakini waliokadiria thamani hiyo waliikadiria chini mno, na mwaka wa 1900, miaka 38 baadaye, Bunge lilikubali kwamba alistahili 5,000, likamlipa baki. Mwenye kutaka kujua namna serikali zinavyomshukuru mtu mweusi aliyezifaa, na akae na tarakimu hizo.

Mambo mengine ya vitani nitayapita mbio. Agosti 1862 alikwenda Washington pamoja na padre mmoja kuomba watu weusi waandikwe jeshini, na kabla mwezi ule haujaisha waziri wa vita, Edwin Stanton, akatoa ruhusa ya kuandika askari 5,000 katika visiwa vya Beaufort. Aprili 1863 aliiongoza manowari ya chuma Keokuk kuishambulia Sumter, nayo ikapigwa zaidi ya mara 90 na kuzama asubuhi yake. Mwisho akafanywa nahodha wa Planter ile ile.

Mwaka wa 1864 merikebu ikapelekwa Philadelphia kutengenezwa, na Smalls akakaa huko miezi, akaitumia kwa kujifunza kusoma na kuandika. Siku moja ya mvua alipanda gari la abiria lililokokotwa na farasi juu ya reli za barabarani, akaamriwa asimame nje kwenye kibao kwa kuwa ndani ni mahali pa wazungu. Akashuka, akaenda zake kwa miguu, yeye aliyetajwa magazetini kote Kaskazini kuwa shujaa. Mkasa ule ulitumiwa kama hoja na watu waliokuwa wakidai haki katika magari hayo, na mwaka wa 1867 jimbo la Pennsylvania likapiga marufuku ubaguzi huo kwa sheria. Naliona tukio hili kuwa ndio mwanzo wake halisi katika siasa, kwa kuwa hapo palitakiwa sheria, wala si kofia ya nahodha.

Aliporudi Beaufort alirudi mwenye nyumba. Mabwana walikuwa wamekimbia mji tangu 1861, na nyumba zao, kwa kutolipiwa kodi ya serikali, zilinadiwa. Smalls akainunua ile ile ya Mtaa wa Prince ambayo mama yake alikuwa akiifagia. Baada ya vita mtu mmoja wa upande wa wenyeji wa zamani, De Treville, akamshitaki kwamba mnada ule haukuwa halali, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka wa 1878 iliamua kwamba nyumba ni ya Smalls, na kwa hukumu hiyo ikathibitisha umiliki wa wengine wengi walionunua kama yeye. Husimuliwa pia kwamba bibi McKee, aliyekuwa mzee na akili imemchanganyika, alikuja siku moja akaingia ndani akidhani ni kwake bado, na Smalls akaamuru apewe chumba chake cha zamani na ahudumiwe. Wako wanaoutaja ukarimu huu kama dalili ya unyenyekevu wa mtumwa. Mimi nauona kuwa ni ukarimu wa mwenye nyumba.

Sasa tuingie barazani. Hesabu ya watu ya mwaka 1860 ilikuta South Carolina watu 703,708, na 402,406 kati yao walikuwa watumwa. Kwa hiyo baada ya vita, siku sheria ilipowapa wanaume weusi kura, jimbo lililoanzisha vita kwa ajili ya utumwa lilijikuta wengi wa wapiga kura wake ni wale liliowamiliki. Baraza la kutunga katiba mpya likakutana Charleston Januari 1868, na zaidi ya nusu ya wajumbe wake walikuwa weusi. Smalls, aliyejua kusoma kwa miaka michache tu, ndiye aliyeleta azimio la kutaka shule za umma zisizo na malipo, zilizo wazi kwa watoto wote, na ambazo wazazi watalazimishwa kuwapeleka. Jimbo lile halikuwa limewahi kuwa na mpango wa namna hiyo hata kwa wazungu maskini, ambao babu zao walitawaliwa na matajiri waliosoma na hawakuambiwa kwamba elimu ni haki yao. Walikuja kuambiwa na watumwa.

Milango mingine ikafunguka kwa haraka iliyowashangaza waliokuwa wameishikilia. Februari 1870 Hiram Revels wa Mississippi akaingia katika Seneti ya Marekani, wa kwanza katika watu weusi. Desemba mwaka huo Joseph Rainey wa South Carolina, kinyozi wa zamani, akaapishwa mjumbe wa Bunge. Na Januari 1874 Robert Brown Elliott, naye wa South Carolina, alisimama Bungeni kuitetea sheria ya haki za raia na kumjibu hoja kwa hoja Alexander Stephens, aliyekuwa makamu wa rais wa serikali ya Kusini. Smalls hakuwa msemaji wa namna ya Elliott. Alisema kwa lafudhi ya visiwani, Kigullah cha watu wake, na nguvu yake ilikuwa huko kwao, ambako husimuliwa kwamba mzee mmoja alikuwa akimsifu kupita kiasi hata mwenziwe akamkumbusha, "Smalls si Mungu," naye akajibu, "Kweli, lakini bado kijana."

Mwaka wa 1875 akaingia Bungeni Washington. Julai 1876, katika kijiji cha Hamburg kwao South Carolina, genge la wazungu wenye silaha likawaua wanamgambo weusi, wengine wakiwa wamekwisha kamatwa. Smalls akasoma Bungeni barua iliyoeleza mauaji yale, na mjumbe mmoja wa chama pinzani alipodai atajiwe jina la mwandishi, akakataa, akisema kwamba hatalitoa ili mtu mweusi mwingine auawe. Uchaguzi wa mwaka huo uliendeshwa na wapanda farasi waliovaa mashati mekundu, waliopita vijijini na bunduki. Aprili 1877 Rais Hayes akaondoa askari wa serikali kuu waliokuwa wakiilinda serikali ya jimbo, na mabwana wa zamani wakarudi katika viti vyao.

Jambo la kwanza walilolifanya ni kumshitaki. Walisema alipokea rushwa ya dola 5,000 katika zabuni ya uchapaji alipokuwa seneta wa jimbo, na shahidi wao mkubwa alikuwa karani aliyekuwa mhalifu yeye mwenyewe. Akahukumiwa miaka mitatu, akakaa jela siku tatu, akakata rufani, na mwaka wa 1879 gavana akamsamehe katika mapatano yaliyofuta pia mashitaka ya wazungu walioharibu uchaguzi. Sitasema kwamba serikali za wakati ule zilikuwa safi. Fedha ya umma ililiwa South Carolina, na wazungu na weusi waliila pamoja, kama ilivyoliwa New York katika miaka ile ile pasipo mtu mweusi ye yote kuwapo mezani. Lakini mapatano yale yanatosha kuonyesha haki ilikuwa na uzito gani katika shitaka lile, kwani kosa likibadilishwa kwa kosa jingine sokoni, wauzaji wote wawili wanajua thamani ya bidhaa yao.

Hila iliyofuata ilikuwa nyepesi kuliko bunduki, na ya kudumu zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1882 mpiga kura hakutumbukiza tena karatasi moja katika sanduku moja. Alikuta safu ya masanduku manane, kila moja na cheo chake, na karatasi iliyoingia katika sanduku lisilo lake haikuhesabiwa. Asiyejua kusoma angemwuliza nani, na wasimamizi ni watu wa chama kimoja? Mwenye kukariri mpango wa masanduku kwa kuambiwa na mwenziwe aliyetangulia alikuta yamekwisha pangwa upya. Tena mipaka ya majimbo ya uchaguzi ikachorwa hata weusi wakarundikwa katika jimbo moja, la saba, lililonyooshwa huku na huku kama utumbo, ili wapate kiti kimoja na wapoteze vingine vyote. Katika hali hiyo Smalls alishindwa 1878, akashindwa 1880 na George Tillman, akaupinga uchaguzi huo na kupewa kiti chake na Bunge 1882, akarudi tena 1884, na 1886 akatolewa kabisa. Ndipo Rais Harrison, mwaka wa 1889, akampa dhamana ya kutoza ushuru katika forodha ya Beaufort.

Septemba 1895 likaitishwa baraza jingine la katiba, safari hii mjini Columbia, likiongozwa kwa fikira na Ben Tillman, ndugu yake George, ambaye hakuficha kwamba makusudi ni kuwanyang'anya watu weusi kura bila kuigusa katiba ya Marekani kwa maneno ya wazi. Wajumbe walikuwa 160, na weusi sita tu, watano kati yao wa Beaufort, Smalls akiwamo. Mpango uliopendekezwa ni huu: mtu atakayejiandikisha asome kifungu cha katiba, au akisomewa akieleze, na mwenye kuamua kama amekieleza vema ni ofisa mwandikishaji, na atakayejiandikisha miaka ya baadaye awe anajua kusoma na kuandika, au ana mali ya dola 300, tena awe amelipa kodi ya kichwa miezi sita kabla. Smalls aliwaambia kwamba watu wake hawaombi kupendelewa, wanataka nafasi iliyo sawa na ya wengine. Mwenzake Thomas Miller akawahesabia yaliyojengwa na mabaraza ya weusi. Wakasikilizwa kwa adabu, na kura zikapigwa kama zilivyokuwa zimepangwa.

Ila siku ya kujadili ndoa adabu iliwatoka. Kamati ilileta kifungu cha kukataza ndoa baina ya mzungu na mtu mwenye sehemu moja katika nane, au zaidi, ya damu nyeusi. Smalls akasimama, akaomba kiongezwe: mzungu ye yote atakayeonekana anaishi kinyumba na mwanamke mweusi asiruhusiwe kushika cheo cho chote cha serikali, na watoto wao wachukue jina la baba na kumrithi. Ukumbi ulitaharuki. Hakuna aliyeweza kuliunga mkono pendekezo lile, na hakuna aliyeweza kulipinga pasipo kuwaza juu ya nyumba yake mwenyewe au ya jirani yake. Na wengine walipotaka tone moja tu la damu litoshe kumfanya mtu kuwa mweusi, aliyewazuia alikuwa George Tillman, hasimu wa zamani wa Smalls, aliyewaambia wajumbe kwamba humo ukumbini hamna hata mmoja mwenye damu safi ya kizungu. Nyongeza ya Smalls ikakataliwa, kifungu kikapita.

Ilipowadia siku ya kutia sahihi Smalls akakataa. Alipoambiwa kwamba asiyetia sahihi hatalipwa nauli ya kurudia kwao, akajibu kwamba afadhali aende Beaufort kwa miguu.

Dhamana ya forodha alipokonywa chini ya Rais Cleveland, akarudishiwa mwaka wa 1898, akaishika mpaka 1913 alipoondolewa chini ya Rais Wilson, na Februari 1915 akafariki katika nyumba yake ya Mtaa wa Prince. Mjumbe mweusi wa mwisho wa South Carolina, George Murray, alikuwa amekwisha toka Bungeni mwaka wa 1897, na hakutokea mwingine mpaka James Clyburn mwaka wa 1993. Sheria ya Bunge ya 1965 iliposimamisha mitihani ile ya kusoma na kueleza, South Carolina ndiyo iliyokwenda Mahakama Kuu kuipinga, ikashindwa mwaka wa 1966. Katiba ya 1895, ikiwa na viraka vingi, ndiyo ingali katiba ya jimbo hilo. Na kile kifungu cha ndoa, ambacho hukumu ya mahakama ilikuwa imekwisha kukiua tangu 1967, hakikufutwa katika maandishi yake mpaka wenyeji walipokipigia kura mwaka wa 1998, na hata hapo zaidi ya theluthi moja ya waliopiga kura walitaka kibaki.